Kiboko Aliyeishiwa Makuyu

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo sauti ya nani, ya mtu aliyelala na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka.

Hapo zamani za kale, kiangazi kilikausha mito yote, likabaki bwawa moja. Kiboko akajilaza katikati, akalienea lote. Aliyesogea kunywa alionyeshwa meno. Watoto wa Mama Ngiri wakawa wanalamba umande, na umande wenyewe wa kugombania.

Wanyama wakakutana, wakamtuma Kasuku, maana ndiye aliyejua kusema.

"Kiboko, tupishe," akasema Kasuku. "Maji ni ya wote."

Kiboko akaangua makuyu kwenye tawi la mkuyu lililoinamia bwawa, akampa. Kasuku akarudi mdomo umejaa.

"Mheshimiwa amenisikiliza vizuri sana," akasema.

Wakamtuma Nyani. Nyani akasema kwanza lazima awape semina. Kutwa nzima akawafundisha kumpigia makofi kila anaposimama. Kisha akaenda kwa Kiboko, akarudi tumbo mbele.

"Mheshimiwa analishughulikia," akasema, akalala.

Mama Ngiri akalia. "Wanangu wanakufa kwa kiu, nanyi mnarudi mmeshiba. Sasa nitumeni mimi."

Wakacheka, wakacheka. Ngiri akimkimbia simba, njiani husahau anakimbia nini, akasimama kula majani. Nani amtume huyo?

Kobe akasema, "Basi asiende peke yake. Twende wote, na kila mtu ayajue maneno ya kumwambia Kiboko. Ukishayajua, mfundishe jirani yako."

Wakafundishana. Kobe akamfundisha Mama Ngiri, akasahau. Swala akamfundisha, akasahau. Panya akamfundisha huku akimvuta sikio, ndipo yakamkaa.

Wakaenda wote. Kiboko akauliza, "Kiongozi wenu nani?"

"Mimi," wakajibu wote.

Sungura akaanza: "Tupishe, maji ni ya wote." Kiboko akamjaza makuyu mdomoni. Swala akadakia: "Tupishe, maji ni ya wote." Akajazwa naye. Panya akadakia, akajazwa mpaka mashavu yakataka kupasuka. Kobe akadakia, na lile tawi likawa tupu.

Kiboko akatoka majini kwenda kutafuta mkuyu mwingine, puu, puu, puu. Alipogeuka, bwawa limejaa wanyama, na watoto wa Mama Ngiri wamo hadi masikioni.

Jua likamchoma mgongo. "Jamani," akasema kwa upole ambao hajawahi kuwa nao, "na mimi nipate pa kukaa."

Mama Ngiri akamtazama. Alikwisha kusahau huyu ni nani na ugomvi ulikuwa wa nini. Alibakiwa na maneno yale tu.

"Karibu, baba," akasema. "Maji ni ya wote."

Basi jueni, wanangu: neno analolijua mmoja hunyamazishwa kwa tunda moja. Wakilijua wote, mwenye matunda atachoka kabla yao.

Hadithi yangu imekunywa maji, imetosheka. Nami nimenyamaza, sasa kila mtu amsimulie jirani yake.