Nani Anaiba Herufi za Bi Kasuku

Kabla sijaanza, kila mmoja wenu aape. Lamba kidole, kinyanyue juu, sema: nikimwambia mtu, ulimi wangu uote magugu. Haya. Sihaba, cha kwako hakijalowa, lamba tena. Kombo, nimesema kidole chako, si cha mwenzio. Na nyie wakubwa mliosimama mlangoni mkijifanya mmekuja kuchukua watoto, lambeni na nyie. Nawaona.

Mambo haya niliambiwa na kuku wangu, yule mwenye upara kisogoni, anayezurura mpaka msituni. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nikaapa. Na kiapo changu nimekitunza vizuri sana, tangu asubuhi mpaka sasa hivi.

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Paukwa!

Pakawa!

Sasa mmeshiba. Hapo kale, tena si kale ya mbali sana, maana televisheni zilishakuwepo, palikuwa na msitu nyuma ya kijiji. Watu wa kijiji walikuwa na televisheni ya chogo, zile za mgongo mnene. Zikaja bapa, za kutundika ukutani kama kalenda. Ile ya chogo wakaitupa. Fundi akaja, akatoa kioo, akatoa nyaya, akatoa kila chenye faida. Likabaki sanduku tupu. Mbele dirisha, nyuma tundu.

Bi Kasuku akaliona, moyo ukamruka.

Bi Kasuku alikuwa amelelewa na watu, kizimbani, sebuleni. Kila asubuhi watoto wa nyumba ile walikuwa wakiwekewa kipindi cha kuimba herufi na kuhesabu. Watoto wanatazama, na yeye anatazama. Watoto wakakua wakasahau. Yeye hakusahau. Siku kizimba kilipoachwa wazi akatoka, pruu, akaja msituni na herufi zote kichwani.

Akawaomba nyani wambebee lile sanduku. Wakalibeba, hee-ya, hee-ya, wakaliweka juu ya kichuguu. Akatundika kitambaa kuwa pazia. Basi ikawa kila asubuhi, jua likigusa kichuguu, watoto wa wanyama wanakuja, wanakaa majanini. Pazia linavutwa: swaa. Kichwa cha Bi Kasuku kinatokea dirishani, kimepakwa unga, kinameremeta.

"Watazamaji wangu popote mlipo," anasema. Na wote wapo pale chini, wengine anawakanyaga mikia.

Kisha anaimba, nao wanamfuata:

Fungua mdomo, sema aaa.
Funga mdomo, sema mmm.
Meno pamoja, sema sss.
Nyoka kapita, hajatuuma.

Wakimaliza herufi, Kware anapitisha vifaranga wake mbele ya dirisha, mmoja mmoja. Watoto wanahesabu: moja, mbili, tatu. Kifaranga wa mwisho anachelewa makusudi, anajidai kufunga kiatu, na kiatu hana. Watoto wanacheka mpaka wanagaragara. Wanaanza upya: moja, mbili, tatu.

Herufi zenyewe alizichonga Mama Ngiri kwa pembe za mdomo wake, kwa muhogo mkavu. Kubwa, nyeupe, za kushikika. Mtoto anaishika herufi, anaipitishia kidole, anasema sauti yake. Akikosea, anarudia. Akipatia, Bi Kasuku anaagiza makofi ya kilo, na wote wanapiga: pa, pa, pa-pa-pa. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kipindi. Awe mtoto wa nani, aliyepatia hapiti bila makofi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo pananoga.

Msitu ule ulikuwa na mwenyekiti, Mzee Nyati. Mkubwa, mzito, pembe kama mtu aliyechana nywele katikati. Upepo ukileta karatasi kutoka kijijini, wanyama walikuwa wanampelekea yeye. Anaitazama, anakohoa, kho, kho, anasema, "Mambo ya serikali." Hakuna aliyewahi kuuliza mambo gani. Heshima yake ilikuwa imekaa hapo, kwenye kile kikohozi.

Kipindi kilipoanza alisema ni mchezo wa watoto. Akapita kwa mbali, hakugeuza shingo. Lakini kuku wangu anasema masikio yaligeuka.

Haikupita muda herufi zikaanza kupotea. Zilikuwa zinalala mle mle sandukuni, karibu na tundu la nyuma. Leo imeondoka A. Mama Ngiri akachonga nyingine. Kesho yake imeondoka M. Akachonga nyingine. Ikaondoka S. Mama Ngiri meno yakaanza kumuuma.

Fitina ikaingia. Na mimi fitina naijua kwa harufu, hata ikiwa jirani wa tatu. Wakasema ni Fisi. Fisi akauliza muhogo una mfupa upande gani, yeye aushughulikie. Wakamwacha. Wakasema ni Mama Ngiri mwenyewe, anachonga mchana, anakula jioni, tazama mashavu yake yalivyojaa. Mama Ngiri akawajibu kwamba mashavu hayo alizaliwa nayo, na mama yake pia, na waliomzaa mama yake. Hawakumwamini. Binti yake akaanza kukaa peke yake kwenye kipindi, wenzake wameambiwa wasisogeleane na mtoto wa mwizi.

Na jambo jingine. Mchana, wanyama wakilala kivulini, kwenye matete ya mtoni ilikuwa inasikika sauti. Llll. Llll. Kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Kuku wangu aliisikia. Akadhani ni chura mgonjwa.

Ugomvi ulipokolea, wazazi wakaenda kwa mwenyekiti. Wakamwambia lile sanduku limeleta maneno, majirani hawasalimiani, lipasuliwe kuni yaishe. Wakamtazama. Akaona anatazamwa. Akasema sawa, kesho asubuhi litapasuliwa mbele ya wote.

Bi Kasuku akashuka mtini, unga umemwagika kifuani.

"Mzee wangu," akasema, "nimebakiza R. Watoto hawajaiweza bado, inawateleza. Nipe asubuhi moja tu nimalizie R."

Mzee Nyati akashtuka, kama amechomwa na mbung'o. Akafumbua mdomo. Akaufumba.

"Nimeshasema," akasema, akaondoka bila kukohoa.

Jioni ile Mama Ngiri alichonga R moja nzuri, akalia huku akichonga. Bi Kasuku akaisukuma ndani kabisa ya sanduku, mpaka mbele, nyuma ya pazia, ili mwizi asiifikie. Alisema kama ni lazima sanduku life, basi life na herufi yake mdomoni.

Asubuhi watoto wakaja mapema, hata jua halijafika kichuguuni. Walikuja kuliaga sanduku. Wakakaa majanini kama kawaida yao. Wazazi wakaja nyuma yao, Fisi na shoka begani. Bi Kasuku akatua mbele, karibu na pazia, shingo imelegea. Wote wakamsubiri mwenyekiti aje atoe amri. Mwenyekiti haonekani.

Mara, kro. Kro, kro. Ndani ya sanduku. Sanduku likayumba kulia, likayumba kushoto. Mtu anapumua humo: fuu, fuu, na pazia linapepea.

Binti Ngiri akanyoosha mkono kama alivyofundishwa. "Bi Kasuku," akauliza, "kama wewe uko hapa, kwenye televisheni yuko nani?"

Bi Kasuku akalishika pazia kwa mdomo. Akavuta. Swaa.

Alikuwepo Mzee Nyati. Uso wake umejaa dirisha zima, kama mtangazaji wa taarifa ya habari, mwili umefichwa na kichuguu. Pembe ziliingia kwa kupinda kwenye tundu la nyuma, kutoka zimekataa. Na mdomoni kaiuma R, nyeupe, mpya, haijaliwa hata pembeni.

Wazazi wakavuta pumzi wapige kelele za mwizi. Hawakuwahi. Maana watoto walikuwa wameona herufi dirishani, na wao wakiona herufi dirishani wanajua kazi yao ni moja tu.

"Rrrr," wakasema wote. Wengine wakasema llll, lakini kwa nguvu zile zile.

Mzee Nyati akarudi nyuma, sanduku likamfuata. Akaenda mbele, likamfuata. Herufi ikamponyoka, pwata, ikaanguka majanini. Hata Fisi alishusha shoka.

Bi Kasuku akamsogelea. Hakumwita mwizi. Alimuuliza kama anavyowauliza wote, kwa sauti ile ile ya kipindi. "Hiyo ni herufi gani?"

Mzee Nyati akatazama huku, akatazama kule. Dirisha halina pa kujificha.

"Ninazo nyingi kule kwenye matete," akasema taratibu. "Sikula hata moja. Nazipanga, nazitazama, nazo zinanitazama. Nilizisikia kwa mbali, nyingine nimezishika. Hii inanikataa. Nilijua mkilipasua sanduku sitaipata tena."

Mtu mmoja kule nyuma akauliza, na zile karatasi za serikali je? Mzee Nyati akasema hakujua hata kama zilikuwa za serikali. Moja ilikuwa na picha ya sabuni.

Akajaribu. Wote wanamtazama, wake kwa waume, wajukuu na wakwe. Akatoa ulimi ule mzito. "Llll," akasema. Fisi akacheka, na akajikuta anacheka peke yake.

Binti Ngiri akainuka. Yule yule aliyetengwa kwa ajili ya herufi zilizoko kwenye matete. Akaenda mpaka kwenye dirisha, akasimama kwa ncha za kwato.

"Babu, hata mimi ilinisumbua," akasema. "Gusisha ulimi juu, nyuma ya meno."

"Meno ya mbele ya juu sina, mjukuu wangu. Sisi nyati hatunayo."

"Basi nyuma ya ufizi. Usiubane. Puliza."

Mzee Nyati akafumba macho. Akagusisha. Akapuliza. Llll. Akapuliza tena. Lllrr. Akavuta pumzi ya mnyama mzima, akapuliza.

Rrrrrrrrr.

Sanduku lote likanguruma, kama televisheni iliyowashwa. Udongo wa kichuguu ukamwagika. Vifaranga wa Kware wakaanguka chali, moja, mbili, tatu.

"Amepatia," akasema Binti Ngiri.

Na watoto, ambao sheria ya kipindi wanaijua kuliko wazazi wao wanavyojua sheria ya msitu, wakapiga makofi ya kilo. Pa, pa, pa-pa-pa. Wale wakubwa waliokuwa wameachama tayari kusema mwizi wakabaki wameachama hivyo hivyo.

Mama Ngiri hakupiga. Alisogea mbele akauliza, "Na mashavu yangu, mwenyekiti?"

Mzee Nyati akamwomba radhi mbele ya wote, kwa jina lake na la mama yake. Akamwomba na binti yake. Akasema herufi zote zitarudi leo. Hapo Mama Ngiri akapiga, pa, mara moja, kavu.

Bi Kasuku akauliza kama kuni bado zinahitajika.

"Mkipasua hili," akasema mwenyekiti kutoka ndani, "mtapasua na kichwa changu. Kipindi kiendelee. Nami nitakaa kule nyuma, nisiwazibe watoto."

Watoto wakamzunguka, wakamshika mkia, wakaanza kuhesabu ili wavute kwa pamoja. Moja. Mbili.

Nami nasema wazi, wadogo na wakubwa, hasa wakubwa wa mlangoni. Usichokijua, keti chini ufundishwe mbele ya watu. Ukienda kukiiba kwa sababu ya aibu, utabaki nacho na bado hutakijua, na asiye na kosa atatengwa kwa ajili yako. Herufi inasema pale tu mtu anapokusemesha nayo. Basi ingieni ndani mkae, mkeka ni mpana.

Hadithi yangu nimeifikisha hapa, haina miguu ya kwenda mbele zaidi.

Mnatazama nini huko nyuma yangu? Kombo, nini?

Ah. Karibu, kuku wangu. Umesimama hapo tangu lini?