Kamba ya Kumshusha Vuai

Nipeni masikio, nikimaliza mtanipa na akili zenu.

Palikuwa na wasuka kamba watatu. Bi Mize alijaliwa pua, Bi Kazija vidole, Bi Mtumwa masikio. Kamba zao ndizo alizoshukia Vuai, mchimba visima, mtu asiyeamini hata kivuli chake. Msimlaumu. Baba yake alikatikiwa na kamba kisimani, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kamba mpya ilipoanza kusukwa, Vuai hakubanduka.

Makumbi ya nazi yalipofukuliwa matopeni yalikozikwa yalainike, Bi Mize aliyanusa moja moja. Manne akayatupa, yameoza. Vuai akajiuliza, je, la tano?

Nyuzi zilipokuwa zikisokotwa, Bi Kazija alizipitisha vidoleni. "Kamba hukatikia pembamba," akasema, akafumua pima nzima na kusokota upya. Vuai akamtazama Bi Mize kwa jicho la pembeni.

Kamba ilipokamilika, Bi Mtumwa aliining'inizia jiwe, akategea sikio. Akasikia inalia mahali pamoja. Akakata pale, akapaunga tena. Sasa Vuai akamkazia macho Bi Kazija, naye akajitia kufunga kanga yake.

Siku ya kushuka, ukuta wa kisima uliporomoka. Mawe yakampita Vuai huku akining'inia, roho mkononi, lakini kamba ikashika. Waliokuwa juu wakampandisha, na chini maji yakibubujika.

Sheha, kiongozi wa kijiji, akatangaza kuwa kisima kiitwe jina la aliyemwokoa. Hapo pakachimbika kweli! Bi Mize akasema kumbi bovu likishaingia, vidole havina kazi. Bi Kazija akajibu kwamba kosa la kusokota halinuki. Bi Mtumwa akawaambia wote wawili kuwa bila yeye wangeyajua makosa yao matangani.

Vuai akawaza. Kila aliyefuata aliona asichokiona aliyetangulia. Na baada ya Bi Mtumwa, nani aliangalia?

Sheha akaongeza kwamba wiki ijayo kuna kisima kirefu zaidi, na msimu wa kuvuna mwani umefika, watu hawatoshi. Mkaguzi wa kamba atabaki mmoja.

"Mchague wewe, Vuai. Jina la kisima ni lake."

Vuai akaishika kamba, akainusa, akaipapasa, akaitegea sikio. Hakugundua kitu, na hilo likamtia hofu zaidi.

Haya, nyie mlionisikiliza: wa mwanzo, wa kati au wa mwisho? Wewe ungemchagua nani? Lakini kabla hujanijibu, fikiria anayeshuka ni baba yako.