Kuni za Nakundwa

"Aliyebeba mwana, mbebee kuni." Ndiyo, wajukuu zangu, mmesikia vizuri. Nimemwambia hivyo shangazi yenu, aliyekuja kutueleza kwamba jirani yake amepokea mtoto wa kulea, na yeye anatafuta maneno mazuri ya kwenda kumpongeza. Nyinyi mmecheka, mkasema siku hizi watu wanapikia gesi, kuni za nini? Basi sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Juu katika milima ya Upare palikuwa na kijiji kilichoitwa Kirangwe. Ardhi yake ilizaa ndizi, magimbi na maharage, ila njia zake zilikuwa mlima mtupu. Mtu alipanda au alishuka. Pa kutembea sawasawa hapakuwapo.

Mwaka mmoja wakaja mume na mke kutoka tambarare, watu wa Uzigua, kusaidia kuchimba mfereji wa maji. Walikuwa na binti aliyeitwa Tunu, ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanang'oka, na kichanga wa kiume, Mhina, asiyejua hata kukaa. Masika yale ikapita homa mbaya. Ilimchukua baba, na mama hakukawia kumfuata. Watoto wakabaki hawana shangazi wala mjomba katika mlima mzima.

Jumbe Mbazi, mkuu wa kijiji, akawaita watu uwanjani.

"Watoto hawa wataishi wapi?" akauliza.

Kila mtu akainamisha kichwa, akatazama vidole vya miguu yake. Mwishowe akasimama Nakundwa, mjane wa makamo ambaye hakujaliwa mtoto, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa.

"Kwangu," akasema. "Wataishi kwangu."

Lo, vigelegele! Wanawake wakamkumbatia, wazee wakambariki. "Una moyo, Nakundwa! Mungu atakulipa!" Kisha kila mtu akarudi kwake amefurahi, kana kwamba ni yeye aliyepokea watoto.

Nakundwa naye alifurahi, tena kweli. Alimfunga Mhina mgongoni kwa mbeleko, akahisi pumzi zake shingoni, akasema moyoni kwamba sasa nyumba ina watu. Lakini Mhina hakuwa na ziwa la kunyonya. Alitaka maziwa ya mbuzi na uji mwembamba, na alivitaka kila mara. Tunu naye hakusema neno. Alificha ndizi za kuchoma chini ya mkeka, na aliishika kanga ya Nakundwa asiiachie, kama mtu aogopaye kwamba akiiachia, huyu naye atatoweka. Shamba likamea magugu. Na kazi iliyomtesa kuliko zote ilikuwa kuni. Msitu ulikuwa juu kwenye ukingo wa mlima. Alipanda na mtoto mgongoni na mwingine ameshika kanga yake, akashuka na mzigo kichwani, akijua kwamba akiteleza wataanguka wote.

Watu walipokutana naye njiani walimwamkia kwa furaha. "Hongera, Nakundwa! Moyo kama wako hatujauona!" Wakampisha, wakaenda zao mikono mitupu. Nakundwa alishiba hongera, lakini hongera haziivishi maharage.

Asubuhi moja, baada ya mvua, aliteleza. Aliangukia goti, kuni zikatawanyika, Mhina akalia kwa hofu. Hakuna aliyeumia sana. Nakundwa alikaa pale kwenye tope kitambo, akimbembeleza mtoto, na machozi yakimtoka bila yeye kuyaita. Kisha akazikusanya kuni, akajitwika, na badala ya kwenda nyumbani akashika njia ya uwanjani. Watu wengi walikuwa pale wakigawana zamu za maji ya mfereji. Akautua mzigo katikati yao kwa kishindo.

"Karibu, mama," akasema Jumbe Mbazi. "Watoto hawajambo?"

"Watoto hawajambo. Mwenye jambo ni mimi. Nimeshindwa, Jumbe."

Jumbe akaitikia kwa kichwa, kwa huruma kabisa.

"Usione haya. Kulea ni kazi, nawe hukuizoea. Tutawagawa. Kichanga aende kwa Naetwe, mke wa mhunzi, maana yeye ananyonyesha. Msichana tutamtafutia nyumba nyingine."

"Kuwagawa?"

"Si umesema umewachoka?"

"Nani kasema nimewachoka watoto?" Sauti ya Nakundwa ikapanda. "Huyu nikimfungua tu mgongoni nasikia baridi! Nimechoka kuni, Jumbe. Kuni!"

Mtu mmoja akacheka. Wenzake wakamtazama, akafunga mdomo.

"Kuni, na maji, na palizi," akaendelea Nakundwa. "Mwana si mzito. Mgongo nimempa yeye. Kichwa nimezipa kuni. Nanyi mnanipa hongera. Sasa nizibebe wapi?"

Hapo Tunu, ambaye hakuna aliyemsikia akisema tangu maziko ya mama yake, aliiachia kanga. Akaenda kwenye mzigo, akashika kamba kwa mikono miwili.

"Kuni nitabeba mimi," akasema. "Msitugawe. Nitabeba zote."

Akavuta. Mzigo haukusogea. Akavuta tena.

Alikuwapo pale mzee aitwaye Kalutu, mtu mkali, aliyefokea mbuzi na watoto kwa sauti ileile. Watoto walizunguka njia ndefu ili wasipite mbele ya nyumba yake. Akainuka, akamwendea Tunu, na watu wakadhani atamkaripia.

"Acha, mjukuu wangu," akasema. "Mzigo huu si wako. Ulikuwa wetu tangu siku ile tulipopiga vigelegele."

Akajitwika kuni kichwani. Sasa jueni, Kirangwe mwanamume hakuwahi kubeba kuni kichwani. Mzigo ukalala upande, kofia ikamfunika macho, akaanza kupanda mlima kwenda kwa Nakundwa, akipepesuka kama jogoo aliyenyeshewa.

"Mzee, zinaanguka!" akapiga kelele mwanamke mmoja.

"Zikianguka nitaziokota! Wewe chukua jembe!"

Kicheko kikalipuka uwanja mzima. Nakundwa mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, na watu wakakumbuka kwamba kicheko kile hawakukisikia siku nyingi. Wakamfuata Kalutu kwa msururu, huyu na jembe, yule na mtungi, watoto wakiimba nyuma. Kabla jua halijafika utosini, magugu yalikuwa yamelala chini. Naetwe aliketi barazani, akamnyonyesha Mhina pamoja na wake, kisha akamrudisha.

"Nitakuja tena jioni," akasema. "Kunyonya atanyonya kwangu, lakini mwana ni wako."

Mchana ule Nakundwa alilala usingizi, mlango wazi, na hakuna aliyemwamsha.

Msaada haukuwa wa siku moja. Kuni zikawa kazi ya Kalutu, na Tunu akawa anamtangulia njiani kumwonyesha panapoteleza, akiongea bila kupumua. Mzee alilalamika kila mahali kwamba mtoto huyu amemchosha masikio, na siku Tunu alipougua mafua, yeye ndiye aliyekuja kuuliza hali yake asubuhi, mchana na jioni. Mhina akatambaa, akasimama, akakimbia. Ndizi chini ya mkeka zikaisha, kwa kuwa hakuna tena aliyezificha.

Miaka ikapita. Tunu alipokuwa msichana mkubwa, mwanamke mwingine, Nambike, alisimama uwanjani akasema atamlea mtoto aliyefiwa. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele hata kimoja. Watu walitawanyika kimya, na Nambike akashika njia ya kwake mnyonge, mtoto mgongoni, akidhani amewaudhi.

Alipofika hakuuona mlango. Kuni zilikuwa zimepangwa mpaka kwenye paa, maji yamejaa mitungi, na Kirangwe nzima imesimama uani ikitweta. Tunu alikuwa juu ya rundo, akiweka gogo la mwisho.

"Jamani," akasema Nambike, "mbona hata hongera hamkunipa?"

Tunu akajifuta jasho, akacheka kicheko kikubwa cha mama yake.

"Hongera utapata, dada, lakini tumeanza na hizi," akajibu. "Aliyebeba mwana, mbebee kuni."