Mchuzi wa Feruzi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kinyonge, mmenyimwa chakula? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo kale palikuwa na fisi wawili, Siwatu na kaka yake Feruzi. Feruzi alikuwa akiumwa viungo. Magoti yakavimba, yakavimba, yakavimba. Akisimama, aa! Akikaa, aa! Na siku ya kuhama ilikuwa inakaribia. Kiangazi kikikaza, mto wa bonde lile hukauka, fisi wote huondoka, na asiyeweza kutembea huachwa.

Siwatu akamwita Bi Korongo, mganga. Bi Korongo akamminya magoti, akasema, "Feruzi baba, mwilini mna askari. Kazi yao kufukuza maradhi. Askari wako wamechanganyikiwa, wanakupiga wewe mwenyewe. Dawa hii ya mizizi usiiache. Mafuta ya nyama usiyaguse, yanawachochea. Kula samaki, mafuta yake huwatuliza kidogo. Sikwambii utapona. Lakini huenda ukatembea."

Feruzi akatii. Mwezi wa kwanza, samaki. Mwezi wa pili, samaki. Uvimbe ukaanza kushuka. Siku moja akachechemea mpaka mtoni, akarudi, akacheka kwi kwi kwi! Siwatu naye akacheka mpaka machozi.

Sasa sikilizeni. Kwa fisi, mgonjwa hupelekewa mkia wa kondoo, ule ulionona. Ndiyo heshima, ndiyo mapenzi. Shangazi yao akaja na mkia wake. Akafunua chungu cha mgonjwa. Akanusa.

"Heee! Siwatu! Unamlisha kaka yako chakula cha ndege?"

"Ni agizo la mganga, shangazi."

"Mganga gani? Korongo anakula nini? Samaki! Basi atasifia nini? Samaki! Kaka yako anakonda, wewe unamtazama. Mchoyo mkubwa wee!"

Neno hilo lilimchoma Siwatu. Mchoyo, yeye? Yeye aliyekuwa akimbeba Feruzi mgongoni mpaka kivulini? Shangazi alipoondoka, Siwatu akauyeyusha ule mkia, chwaaa! Akamimina katika mchuzi wa samaki. Kidogo tu, akajiambia. Kesho kidogo. Keshokutwa kidogo. Feruzi akala, akajilamba. "Dada, leo umejua kupika!" Siwatu akafurahi. Maskini, akafurahi.

Magoti yakavimba tena. Feruzi akashangaa. Samaki anakula, dawa anakunywa, miguu inawaka moto! Bi Korongo alipokuja kumjulia hali, Feruzi akamfokea. "Mwongo wee! Samaki wako hawana lolote. Toka, na mizizi yako!"

Bi Korongo akamtazama Siwatu. Siwatu akatazama chini. Lo, angesema wakati ule! Hakusema. Bi Korongo akaruka, pu pu pu, akahamia ziwa la mbali.

Siku ya kuhama ikafika. Fisi wakapanga mstari, shangazi mbele. Feruzi akajaribu kusimama. Aa! Akaanguka. Akajaribu tena. Aa! Mstari ukaenda, vumbi likatulia. Siwatu akabaki na kaka yake, na hapo ndipo alipomwambia yote.

 Feruzi akasema, "Mafuta ningekusamehe, dada. Hata mimi nilikuwa nayatamani. Lakini uliniona namfukuza aliyekuwa akinisaidia, ukakaa kimya."

 Siwatu akaenda mtoni kuvua. Mto ulikuwa umebaki matope. Akafukua, akafukua, akapata kambare mmoja, mdogo kama kidole. Akampikia kaka yake bila tone la mafuta, huku analia, majuto ni mjukuu.

Basi mnaopika, wakubwa kwa wadogo, nisikilizeni. Mgonjwa akiwa na mwiko, kumpenda ni kumlindia mwiko wake, wakuite mchoyo wasikuite. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Ngano yangu imekomea hapo, bondeni, walipobaki wale wawili.