Mikungumanga Miwili ya Bi Mize

"Mti usiozaa, muulize jirani yake."

Nimewaona mkitazamana sheha alipoyasema maneno hayo, wajukuu zangu. Mnaona haya kuuliza, si ndiyo? Basi kaeni. Methali hii haikushuka na mvua. Ilizaliwa mbele ya nyumba ya shangazi yangu, Bi Mize binti Faki, huku huku kwetu Pemba, nami nilikuwa msichana nikayaona kwa macho yangu.

Shangazi alipenda bustani kuliko kula. Mbele ya nyumba alipanda mikungumanga miwili, na jamani, ilipendeza! Kiangazi na masika majani yake ni mabichi, wapita njia wakisimama kuitazama. Mwaka wa nane mmoja ukazaa. Matunda yalipoiva yalipasuka yenyewe, ndani basbasi, ule utando mwekundu, imeikumbatia kokwa. Hapakuwa na harusi ambayo uji wa kina mama haukutiwa kungumanga ya Bi Mize. Mti wa pili ulitoa maua tu, yakapukutika.

Sasa, kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Miti ilikuwa ya Mize, ardhi ya kaka yake, ami yangu Hamad. Lakini wazee wa mji wetu waliweka sharti: mti usiozaa haumzuii mwenye ardhi kuukata. Na Hamad alitaka pahala pa kujenga banda la mbuzi. Asubuhi moja akaja na shoka.

"Mize, huu wa kushoto naukata. Miaka yote hii unakula udongo wangu bure."

"Usiukate, kaka. Huo ni dume. Nimeviona vidudu vikitoka kwenye maua yake vikiingia kwenye maua ya mwenzake. Ukiuondoa, na huu unaozaa hutaona tunda lake tena."

Hamad alicheka mpaka akaegemea shoka. "Miti nayo imeoana? Mahari alipokea nani?"

Shangazi hakucheka. "Nipe msimu mmoja. Nikishindwa, kata yote miwili, nami sitadai hata jani."

Miti ile ndiyo iliyokuwa fahari yake yote duniani, naye ameiweka chini ya shoka kwa neno moja.

Kabla maua hayajafunguka, alichagua matawi mawili ya ule mti unaozaa, akayafunga kwa shashi, kitambaa chepesi, asipenye mdudu. Tawi la kwanza hakuligusa tena. La pili alilifungua kila asubuhi, akayapangusa maua yake kwa maua ya mti dume, akalifunga. Maua yalipokwisha akaziondoa shashi. Barazani watu wakasema Bi Mize kaivisha miti buibui, na mzaha huo ulimuuma, ingawa alijikaza.

Mwezi wa nane Hamad akaja na wazee, shoka begani. Alilishika tawi la kwanza, akalipekua jani kwa jani. Halikuwa na kitu. Akalishika la pili. Lilikuwa limeinama kwa matunda, moja limeshapasuka, wekundu wake unamtazama.

Hamad akaliweka shoka chini.

"Ehee, kaka," shangazi akasema kwa furaha. "Mti wenyewe ulikunyima jibu. Ungemuuliza jirani yake!"

Wanawake tulipiga vigelegele hadi mbuzi wakakata kamba. Banda likajengwa nyuma ya nyumba, na mikungumanga yote miwili ikabaki mahali pake.

Lakini kilichonifurahisha zaidi kilikuja mwaka uliofuata. Mtu mmoja wa mtaa wa pili alikuwa ameshaupiga mkungumanga wake usiozaa shoka la kwanza. Aliyekwenda mbio kumshika mkono, kanzu kaipandisha magotini, akihema na kupiga kelele mji mzima usikie, alikuwa Hamad mwenyewe:

"Wacha, bwana we! Mti usiozaa, muulize jirani yake!"