Kiboko na Simu ya Darasa

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na simu moja!
— Ileteni!
Na mikono mingi!
— Tupeni zamu!

Basi tulieni, na wewe uliye karibu na sufuria, rudi nyuma kidogo.

Hapo kale, si kale sana maana simu zilikuwepo, wanyama walikuwa na shule yao. Mwalimu wao alikuwa Hondohondo, mwenye mdomo mrefu na subira fupi. Darasa zima lilikuwa na simu moja tu ya kupigia video. Mwalimu akaandika masharti ubaoni: simu ishikwe kwa kulazwa, mkono usitikisike, na anayepiga asiseme neno.

Darasani alikuwamo Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu. Alikuwamo pia Kiboko, na Kiboko akiwamo, nafasi imekwisha. Wakapiga video ya kupanda mchicha. Kiboko, puu! akakaa mbele ya simu. Ukitafuta pua ya Sange, huioni. Wakapiga video ya kunawa mikono. Kiboko, puu! akakaa mbele ya simu. Ukitafuta pua ya Sange, huioni. Na mchicha wenyewe akaula. Sabuni aliilamba tu, hakuimaliza.

Jambo hilo lilimuuma sana Sange. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia, video zingeonyeshwa ukutani, na bibi yake aliyemlea alikwisha kuwatangazia majirani kwamba mjukuu wake ataonekana.

Ikabaki video moja, ya kupika vitumbua. Kiboko kusikia vitumbua, mate yakamdondoka, do, do, do.

"Nitakaa mbele," akasema, "na kuonja nitaonja mimi."

Sange hakubisha. Siku ya kupika aliwahi darasani, akaichukua simu kwa Mwalimu na kuikumbatia kifuani.

"Nini hicho unachoficha?" Kiboko akauliza.

"Niwie radhi, kaka, hii siitoi. Anayeshika simu ndiye mkubwa. Akisema anzeni, wanaanza. Akisema rudieni, wanarudia. Wanaokaa mbele ni watu wa kutumwa tu. Niache na mimi leo nionje ukubwa."

"Wewe na ukubwa wapi na wapi?" Kiboko akasema, na kwapu! akampokonya.

Sange akashika kichwa kama aliyefiwa. Moyoni alikuwa anacheza ngoma.

"Anzeni," Kiboko akaamuru, na kweli wakaanza. Akafurahi mpaka masikio yakamtetemeka.

Kobe akamimina unga kikaangoni, chwaaa. Chura akageuza, chwaaa. Harufu ya iliki na tui ikamwingia Kiboko puani, na pua zile mnazijua zilivyo. Akanyanyua mguu aje mbele. Sange akaelekeza pua ubaoni: mkono usitikisike. Kiboko akaurudisha mguu.

Kitumbua cha kwanza kikaiva. Sange akakila taratibu, akaitazama simu, akasema, "Hiki kimeiva, na sukari imekolea." Kiboko akafumbua mdomo adai chake. Sange akaelekeza pua ubaoni: anayepiga asiseme neno. Kiboko akaufumba.

Kikaiva kingine, akala Kobe. Kikaiva kingine, akala Chura. Kikaiva kingine, akala Mwalimu, maana na yeye ni mtu. Kiboko aiweke simu chini? Thubutu. Akiiweka, mkubwa atakuwa mwingine. Akaishikilia mpaka sahani ikabaki na mafuta.

Siku ya wazazi ikafika. Video ikawaka ukutani. Kwanza ikatokea pua, halafu nyuma ya pua akatokea Sange. Bibi yake akasimama, akapiga kigelegele mpaka kanga ikamwanguka.

"Mjukuu wangu ndiye huyo!" akawaambia majirani. "Si niliwaambia?"

Sange akaona raha ambayo hajaiona tangu azaliwe.

Mama Kiboko naye alitazama mwanzo hadi karibu na mwisho. "Mwalimu," akasema, "mbona wangu simwoni?"

Kabla Mwalimu hajajibu, ndani ya video kukasikika ngurrruuu, tumbo linalalamika.

"Aa, basi yumo," Mama Kiboko akasema, akaegemea kiti kwa fahari. "Sauti hiyo naijua."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Kiboko mwenyewe akacheka kuliko wote.

Hadithi yangu imefika ukutani. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chachu, nirudishieni unga wangu.

Na funzo lake ni hili, watoto wazuri. Simu ya darasa ukiishika, ing'ang'anie, zamu usimpe mtu, maana anayeshika ndiye mkubwa. Vitumbua tuachieni sisi.