Nyumba Isiyo na Doa

Wapendwa, leo nawapeleka mbali kidogo, kwenye bandari moja kubwa ya Bahari ya Mediterania. Bandari ile hailali. Huku kreni zinashusha makontena, kule ngano inamiminwa, pale yanapakiwa malimau na mafuta ya zeituni. Meli za siku hizi hazina kupumzika. Ikishapakuliwa tu, inaondolewa gatini ili nyingine iingie. Baharia akibahatika anakanyaga ardhi saa moja au mbili, basi.

Kanisa la mji ule liliwaonea huruma mabaharia. Wakajenga nyumba karibu na gati, wakaweka viti, chai, na simu ya bure ya kupigia nyumbani. Wakamweka mzee mmoja aitunze. Na mzee yule aliitunza kwelikweli! Alipiga deki asubuhi, akapiga deki adhuhuri, viti akavivika vitambaa vyeupe, na mtu mwenye buti za grisi alimtazama kama mwizi. Mwenyewe aliamini kabisa kwamba anamtumikia Mungu.

Siku moja wageni kutoka kanisani walikuwa waje kuikagua nyumba. Mzee ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki, mara baharia mmoja kijana akafika anahema, ovaroli imelowa mafuta.

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba simu. Mama yangu anaingizwa chumba cha upasuaji, na amesema anataka asikie sauti yangu kwanza. Laini yangu huku haishiki."

"Marahaba, mwanangu. Sakafu bado mbichi. Vua hizo buti, usubiri ikauke."

"Nitavua, mzee. Hata kwa magoti nitaingia. Meli yetu inaondoka sasa hivi."

"Na wageni wangu wako njiani. Subiri kidogo tu, haraka haraka haina baraka."

Kijana akavua buti, akasimama mlangoni na soksi zake, macho yote kwenye simu. Je, ilikuwa mbali? Hatua chache tu, ndugu zangu! Mara honi ya meli ikalia. Akazikwapua buti zake, akakimbilia gatini bila kuzivaa. Hakusema neno baya. Laiti angetukana, mzee angepata pa kujishikiza. Moyo ukamgutuka, akatoka mbio kumwita, lakini ngazi ya meli ilikwisha kuinuliwa.

Wageni wakafika. Mama aliyewaongoza akapita chumba kwa chumba, akatabasamu. "Hongera sana, baba. Nyumba inang'aa! Mtu hawezi kudhani kuna baharia aliyewahi kuingia humu."

Wakampigia makofi. Mzee akainamisha uso, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mnamcheka? Sisi je? Kapeti hili jipya tumelinunua ili akanyage nani? Jumapili iliyopita mama mmoja aliingia na mtoto analia, tukamkodolea macho mpaka akatoka. Na yule kijana aliyenuka pombe, si tulimwambia pale mlangoni akaoge kwanza? Alikuja kutafuta nini hapa? Hatukumuuliza. Hata jina lake hatulijui, wala hatujui alikoelekea. Naona aibu kuyasema haya, na ninyi oneni aibu pamoja nami. Maana baada ya kumfukuza tuliingia ndani tukaimba, na tulipotoka wote tulisema ibada ya leo ilikuwa nzuri sana.